Antena ya Redio ya Boti Imezeeka: Uikarabati au Uweke Nyingine?

Antena imesimama juu ya kibanda tangu boti ikiwa mpya. Rangi imekwisha, ngozi yake inatoa unga, na siku hizi ukiita unajibiwa, "Rudia, hujasikika." Hapo ndipo mwenye boti anapoanza kujiuliza aitengeneze au anunue nyingine.

Wengi hulijibu swali hilo kwa macho. Wakiiona imechakaa wanaing'oa, hata kama ilikuwa na miaka kumi mbele yake. Wengine wanaipaka rangi inang'aa, kisha wanakwenda baharini wakitegemea kitu kilichooza ndani. Hao wa pili ndio wananitia hofu. Redio ya boti imewekwa kwa ajili ya siku ya shida, na siku hiyo si ya kugundua kwamba sauti yako haivuki hata kilomita mbili.

Kanuni ninayoifuata ni hii: ikiharibika ngozi, naikarabati, maji yakiingia ndani, naitoa. Kazi kubwa ni kujua maji yamefika wapi, na kabla ya hapo kuhakikisha kwamba mgonjwa ni antena kweli. Mara nyingi sana siye.

Hatua ya 1: Ijue antena uliyonayo

Boti kuukuu hubeba mabaki ya wamiliki wote waliopita. Unaweza kukuta fimbo tatu juu ya kibanda: moja ya redio ya muziki, moja ya mawasiliano ya zamani ya megahezi 27, na moja tu ndiyo ya VHF ya bahari, redio tunayoizungumzia hapa. Kwa umbo zinafanana. Fuata waya wa kila moja kwa mkono, toka nyuma ya redio mpaka juu, usikisie.

VHF ya bahari inafanya kazi kuanzia megahezi 156 hadi 162 hivi. Chaneli 16 ya wito na dharura iko 156.8. Wimbi lake lina urefu wa karibu mita mbili, kwa hiyo antena zake ni za vipimo vinavyojulikana: fimbo ya chuma cha pua ya mita moja hivi, ambayo hukaa zaidi juu ya mlingoti wa boti za tanga, au bomba la faibaglasi la mita 1.2 au 2.4 kwa boti za injini. Antena ya masafa mengine iliyofungwa kwenye redio ya VHF haina cha kukarabatiwa. Hata ikiwa mpya kabisa, ondoa.

Jambo jingine la kutazama hapa ni shina lake. Je, kebo inaingia moja kwa moja ndani ya shina bila kuungwa, au kuna plagi unayoweza kuifungua? Liweke akilini, maana baadaye ndilo litakaloamua mengi.

Hatua ya 2: Anza chini, kwenye plagi

Zima redio. Fungua plagi ya antena nyuma yake, ile nene ya kuzungusha inayoitwa PL-259, uitazame kwenye mwanga mzuri. Ncha ya katikati iwe safi na isicheze. Ukiona unga wa kijani, umepata mshukiwa wa kwanza. Vuta kebo taratibu huku umeshika plagi: ikisogea, risasi ya kulehemu haijashika au plagi ilibanwa vibaya tangu mwanzo.

Sasa ikate plagi hiyo. Najua inauma kukata kitu kinachoonekana kizima, lakini hapa ndipo kebo inapokueleza ukweli. Menya ganda la nje kama sentimita tano. Chini yake kuna msuko wa nyuzi za shaba, chini ya msuko kuna plastiki nyeupe, na katikati kabisa kuna waya mmoja au nyuzi chache. Msuko mzima unang'aa, ama kwa rangi ya shaba ama ya fedha kwa ile iliyopakwa bati. Msuko uliokufa ni mweusi au wa kijani, na ukiusugua unaacha masizi kwenye kidole.

Niliwahi kufanya hivi kwenye boti ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameshanunua antena mpya. Nikakata sentimita thelathini, nikamenya: weusi. Nikakata thelathini nyingine: weusi uleule. Mara ya tatu nilipoibana kebo kwa koleo, tone la maji lilitoka kwenye msuko na kuanguka kwenye goti langu. Maji yalikuwa yameingia juu, kwenye plagi iliyofungwa kwa utepe wa kawaida wa umeme, yakashuka ndani ya msuko mita nne nzima kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tulibadilisha kebo tu. Antena ya zamani ilirudi hewani siku ileile, na ile mpya ikabaki kwenye boksi lake.

Kwa hiyo weusi ukiisha baada ya kukata kipande kifupi, umepona: weka plagi mpya na uende hatua inayofuata. Usipoisha, kebo yote itoke.

Hatua ya 3: Pima kwa multimita, lakini usiiamini sana

Weka multimita kwenye omu. Kati ya waya wa katikati na msuko, antena nyingine huonyesha njia imekatika, na nyingine huonyesha zimegusana. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi! Kuna antena zilizoundwa makusudi ziwe zimeungana kwa umeme wa betri, huku kwa masafa ya redio zikifanya kazi sawasawa. Nimeona antena nzuri zikitupwa kwa sababu mtu alisoma omu sifuri akasema ina shoti.

Faida ya multimita ni kwenye kebo peke yake. Ikiwa unaweza kuifungua kutoka kwenye antena, ifungue. Sasa katikati na msuko visigusane hata kidogo, na kila kimoja kipitishe umeme toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kikishindwa kimoja kati ya hivyo, kebo ni mbovu. Kikifaulu, bado hujathibitisha kwamba kebo ni nzima, kwa sababu maji na kutu hula nguvu ya redio bila multimita kushtuka.

Hatua ya 4: Kipimo cha SWR, na mtego wake

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Mita ya SWR hukaa kati ya redio na kebo, ikaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinakataliwa na antena na kurudi kwenye redio. Tumia ya VHF. Zile zilizotengenezwa kwa megahezi 27 pekee zitakudanganya. SWR ya 1.5 maana yake asilimia 4 tu inarudi. Ya 2 inarudisha asilimia 11. Ya 3 inarudisha asilimia 25, na hapo redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu zenyewe zisiungue.

Weka redio kwenye wati 1 kwanza. Chagua chaneli ya kawaida ya mawasiliano, isiwe 16 wala 70 (ya wito wa dharura wa kidijitali), sikiliza kama iko wazi, jitambulishe kwa jina la chombo, kisha bonyeza kwa sekunde chache tu. Pima kwenye chaneli ya chini, ya katikati na ya juu. Usibonyeze kamwe redio ikiwa haina antena wala kitu kingine kilichofungwa nyuma yake, na hakikisha hakuna mtu aliyeishika antena wala anayeiegemea.

Chini ya 1.5, vizuri. Kati ya 1.5 na 2, inatumika. Kuanzia 2 tafuta sababu. Ikipita 3, acha kurusha.

Sasa ule mtego, na naomba uusome mara mbili. Kebo iliyooza inafanya SWR ionekane nzuri. Nguvu inaliwa ikipanda, na kile kidogo kinachokataliwa juu kinaliwa tena kikishuka, kwa hiyo mita haioni kitu kinachorudi. Kebo inayokula robo tatu ya nguvu inaweza kukuonyesha SWR chini ya 2 hata kama huko juu hakuna antena kabisa. Namba nzuri kwenye kebo kuukuu si habari njema mpaka kebo yenyewe ithibitishwe.

Kuithibitisha kuna njia mbili. Ya kwanza, funga kwenye mwisho wa juu wa kebo mzigo wa majaribio wa omu 50, yaani kifaa kinachonyonya nguvu badala ya antena. Pima wati zinazoingia chini na zinazofika juu. Kwa VHF, mita 15 za kebo nyembamba ya RG-58, hata ikiwa mpya, hula karibu nusu: wati 25 za redio zinafika kama 12. Urefu huohuo wa RG-213, iliyo nene, hufikisha 18 hivi. Ukikuta pungufu sana ya hapo, kebo imekwisha. Njia ya pili inafaa antena yenye plagi kwenye shina: panda na redio, betri na mita hadi antena ilipo, uziunge kwa kipande kifupi cha kebo mpya. Ukiwa hapo hakuna kebo ndefu ya kuficha kitu, na SWR unayoisoma ni ya antena yenyewe.

Usidanganyike pia kwa kuwa unasikia vizuri. Antena iliyovunjika ndani bado inaweza kunasa boti iliyo karibu na kituo chenye nguvu cha pwani. Kusikia si kusikika.

Hatua ya 5: Ishike mkononi

Iteremshe antena. Ukikaa nayo chini ndipo utaijua.

Itikise karibu na sikio. Ndani ya bomba la faibaglasi kuna vipande vya shaba au kebo vilivyoungwa kwa risasi, na mtikisiko wa miaka hukata viungo hivyo. Ukisikia kitu kinagonga au kinateleza, imekufa. Isimamishe kichwa chini dakika kumi juu ya karatasi kavu: tone la maji au ukungu wa kijani ukitoka, hiyo nayo imekufa.

Pitisha kucha polepole toka juu hadi chini. Mikwaruzo ya juujuu kucha inapita. Ufa wa kweli kucha inakwama. Tazama zaidi pale bomba linapoingia kwenye pete ya chuma ya shina, kwa sababu ndipo mawimbi yanapolipinda kila siku. Kikofia cha juu nacho kiangalie, kikilegea mvua imekuwa ikiingia. Na kama boti imewahi kupigwa na radi, hata antena ikiwa nzima kwa nje, mimi siirudishi juu.

Fimbo ya chuma cha pua ni rahisi zaidi. Ikiwa imepinda au imekatika, aina nyingi fimbo hutoka kwa kulegeza skrubu ndogo, ukaweka nyingine ya urefu uleule. Koili iliyo kwenye shina ikishika maji, hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya 6: Amua

Karabati ikiwa SWR ya antena yenyewe ni nzuri, haigongi ndani, haina ufa wa kukwamisha kucha, na ugonjwa wake ni ngozi, plagi, kishikio au kebo inayoweza kufunguliwa. Ubaya wa sura usikutishe. Nimeacha juu antena iliyojaa kinyesi cha ndege na rangi iliyobanduka kwa sababu ilisoma 1.3 kwenye chaneli zote.

Badilisha ikiwa maji yako ndani, kiungo kimekatika, au bomba limepasuka. Badilisha pia ikiwa kebo imeingizwa moja kwa moja kwenye shina na imeoza mpaka pale inapoingia. Hapo wengi hushawishika kuikata antena waitengeneze ndani. Siwashauri. Vipande vile vimekatwa kwa vipimo: robo ya wimbi kwenye VHF ni kama sentimita 48, na ukikosea sentimita moja tu umeyahamisha masafa kwa megahezi 3 hivi, nusu ya bendi nzima. Kisha utalifungaje bomba lisivuje tena? Fundi wa redio mwenye vifaa anaweza. Kwa mtu wa kawaida, hiyo ni siku mbili za kazi kwa kitu usichoweza kukiamini usiku wa dhoruba.

Kuna hali ya katikati: antena inapima vizuri lakini umri wake hujui na unakwenda mbali na pwani. Hapo ningenunua mpya, na ile ya zamani ningeisafisha nikaifunga kibandani iwe akiba. Mlingoti ukianguka au tawi likivunja antena, utaishukuru.

Ukikarabati

Vaa glavu ndefu na barakoa kabla hujagusa msasa. Ule unga mweupe ni nyuzi za kioo. Zikiingia kwenye ngozi utajikuna wiki nzima, na kwenye mapafu ni hatari zaidi.

Osha kwa maji baridi na sabuni, acha ikauke. Piga msasa wa maji namba 220 mpaka nyuzi zilale, kisha 400, ukilowesha muda wote ili vumbi lisipae. Futa kwa spiriti. Paka rangi ya poliurethini ya boti, matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likauke kabla ya linalofuata. Rangi isiwe na chembe za chuma, yaani isiwe ya fedha wala ya kung'aa kama ya gari, kwa sababu chuma kitaharibu mawimbi ya antena. Baadhi ya antena zina tundu dogo chini ya shina la kutolea maji. Usilizibe.

Plagi mpya uilehemu vizuri. Kata kebo hadi kwenye shaba inayong'aa, penyeza kwanza kifuniko cha plagi kwenye kebo (kila mtu husahau hili mara moja), lehemu katikati, kisha msuko kupitia matundu ya pembeni. Chuma cha kulehemu kiwe na moto wa kutosha umalize haraka. Ukikawia, plastiki nyeupe inayeyuka na waya wa katikati unagusa msuko. Ikipoa, pima shoti kwa multimita.

Mwisho, kuziba. Kiungo cha nje kifungwe kwanza kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, uuvute mpaka urefuke karibu maradufu huku ukizungusha toka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita, kama vigae vya paa. Juu yake utepe wa kawaida wa kuzuia jua. Kabla kebo haijaingia kibandani, iache ining'inie kidogo kama kitanzi, ili maji yadondoke pale chini badala ya kuifuata ndani.

Ukiweka mpya

Usinunue kwa kutazama desibeli tu, yaani kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu. Antena ya desibeli 3 inatawanya nguvu juu na chini, inafaa boti inayolala upande kama ya tanga au boti ndogo inayorushwa na mawimbi. Ya 6 inabana nguvu kwenye upeo wa macho na ndiyo ya boti nyingi za injini. Ya 9 ni ya vyombo vikubwa visivyoyumba; kwenye boti ndogo itapiga mawingu na maji kwa zamu.

Kimo kina thamani kuliko desibeli. Umbali wa VHF kwa kilomita ni kama 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, ukijumlisha pande zote mbili. Antena iliyo mita 4 juu ya maji inafika kilomita 8. Boti mbili za namna hiyo zinaongea kwa kilomita 16. Kituo cha pwani kilicho mita 100 juu kinaongeza kilomita 41 upande wake.

Badilisha kebo pamoja na antena, na kwa safari ndefu ya waya chagua nene. Angalia kishikio nacho: vingi vina meno ya skrubu ya inchi 1, meno 14 kwa kila inchi, hivyo antena mpya huweza kukaa juu ya cha zamani, lakini meno ya plastiki yaliyolika yataiachia kwenye wimbi la kwanza kali. Ikiwa antena itatumika kwa AIS pekee (mfumo wa vyombo kujitambulisha na kuonyesha vilipo), chukua iliyotengenezwa kwa megahezi 162, siyo 156.8.

Jaribio la mwisho

Pima SWR upya, kwa wati 1 na kwa 25. Kisha toka na boti, au panga na boti nyingine iliyo kilomita 10 au zaidi, uombe wakuambie wanavyokusikia, kwanza kwa nguvu ndogo, halafu kubwa. Andika namba za SWR, chaneli na tarehe kwenye kipande cha utepe mweupe, ukibandike pembeni ya redio. Mwaka ujao utapima tena mahali palepale, na ikiwa 1.3 imekuwa 1.9 utaanzia na plagi.